Kompyuta inayohesabu njia za wakimbizi: inaona nini, na nini haioni

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Ndani ya wiki chache kambi kubwa zilizouzunguka Goma, Bulengo na nyingine, ambamo mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakiishi, zilivunjwa. Bashi zikakunjwa, miti ya vibanda ikapakiwa juu ya chukudu. Wengine walirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo walikotoka, na si wote waliokuta nyumba au shamba. Wengine waliingia kwa ndugu zao, kwa washirika wa kanisa, katika madarasa ya shule na katika vyumba vya nyuma vya parokia zetu. Tangu wakati huo kila anayetaka kusaidia anakwama kwenye swali moja: watu wako wapi?

Swali hilo halijibiwi tena na wafanyakazi wa misaada peke yao, wale wanaotembea na kalamu na daftari. Siku hizi linapelekwa pia kwa kompyuta. Wataalamu wa vyuo vikuu hutengeneza kile wanachokiita modeli, yaani jamii ya kubuni ndani ya mashine, yenye watu wa kubuni, miji, barabara na mipaka. Vita vinaanzishwa ndani ya hesabu, watu wa kubuni wanaachwa wakimbie, na mtafiti anatazama watafika wapi. Najua baadhi yetu tukisikia hivyo tunasema huo ni uaguzi uliovaa koti la chuo kikuu. Wengine wako upande wa pili kabisa: wakionyeshwa ramani yenye rangi nyekundu iliyotoka kwenye kompyuta, wanaiamini kuliko wanavyomwamini mama aliyefika asubuhi hiyo kwa miguu kutoka Kitchanga. Naona pande zote mbili zinakosea. Na kwa kuwa wanaohesabiwa ni sisi, inafaa tuelewe kazi hii inafanyikaje kabla ya kuisifu au kuilaani.

Nachukua mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2017 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Brunel huko London, Diana Suleimenova, David Bell na Derek Groen, walichapisha katika jarida la Scientific Reports kazi juu ya programu yao iitwayo Flee, jina lenye maana ya kukimbia hatari. Waliijaribu kwa migogoro mitatu ya Afrika: Mali ya 2012, Jamhuri ya Afrika ya Kati ya 2013, na Burundi ya 2015. Ile ya Burundi wengi wenu mnaikumbuka. Aprili 2015 maandamano yalianza Bujumbura kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, Mei likaja jaribio la mapinduzi lililoshindwa, na watu wakaanza kuondoka. Walikwenda Mahama nchini Rwanda, Nyarugusu na baadaye Nduta nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda. Wengine walivuka Ruzizi wakaingia kwetu, na kambi ya Lusenda katika wilaya ya Fizi ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka huohuo.

Ndani ya programu hiyo kila mkimbizi ni nukta moja, na nukta hiyo ina sheria chache sana. Aliye mahali pa vita huondoka siku hiyohiyo. Aliye katika mji wa kawaida, njiani, ana nafasi 30 kwa 100 ya kuendelea na safari siku hiyo. Aliyekwisha kufika kambini ana nafasi 1 tu kwa 1,000 ya kuondoka tena. Anapochagua njia, mahali pa karibu panamvuta kuliko mahali pa mbali; kambi inamvuta mara mbili ya mji wa kawaida, na mahali pa vita panamvuta robo tu. Umbali unachukuliwa kutoka ramani za barabara, mahali pa mapigano kutoka orodha za matukio ya vita zinazokusanywa kimataifa, na idadi ya wakimbizi kutoka hesabu za HCR.

Ni hayo tu, karibu. Nukta haina mtoto mgongoni. Haina dada aliyeolewa Uvira, haina deni, haiombi, haiogopi usiku. Hata hivyo watafiti walipolinganisha matokeo na hesabu za kweli za kambini, waliona kwamba baada ya siku 12 za kwanza modeli iliwaweka zaidi ya asilimia 75 ya wakimbizi mahali walipofikia kweli, katika nchi zote tatu.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza lilinisumbua kama mchungaji. Tunafundisha kwamba kila mtu ni wa pekee mbele za Mungu, kisha linakuja jedwali la hesabu linalosema kwamba robo tatu ya safari yako ingeweza kujulikana bila mtu kukuuliza hata jina. Nikiwaza zaidi naona jibu si la kutisha sana. Mtu aliyeondoka Bujumbura usiku ule hakuwa na njia mia. Kulikuwa na barabara ya kaskazini, barabara ya kusini kando ya ziwa, daraja la upande wa Kongo, na mashua. Kilichosomwa na hesabu ni ufinyu wa njia, si moyo wa mtu. Pale ambapo vita vimemnyang'anya mtu uchaguzi, ni rahisi kujua atakakopita, na nadhani hilo linasema mengi juu ya vita kuliko juu ya mtu.

Jambo moja husahaulika watu wanapoisifu kazi hii. Modeli ile haikutabiri ni watu wangapi watakimbia. Idadi ilichukuliwa kutoka HCR, na kompyuta ikafanya kazi ya kuwagawanya tu. Anayekuja kwenye mkutano na kusema kwamba "mashine imetabiri wakimbizi wa Burundi" anaongeza chumvi.

Mizizi ya fikra hii ni ya zamani kuliko kompyuta tunazozijua. Mwaka 1971 Thomas Schelling, mwanauchumi wa Marekani ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, alichapisha makala juu ya namna mitaa ya miji ya kwao inavyogawanyika kati ya weupe na weusi. Alitumia ubao wenye miraba na vipande vya aina mbili, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya mezani kwa sarafu. Kila sarafu ilipewa sheria nyepesi: inakubali kuishi na wasiofanana nayo, lakini inataka angalau sehemu fulani ya majirani wake, tuseme theluthi moja, wawe wa aina yake. Ikikosa, inahamia mraba ulio wazi. Hakuna sarafu iliyotaka kuwafukuza wengine. Lakini baada ya kuhama mara chache, ubao uligawanyika, huku hawa na huko wale, mgawanyiko mkubwa kuliko ule ambao sarafu yoyote iliomba.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ubao ule unanionyesha makanisa yetu vizuri kuliko ripoti nyingi. Vita vinaleta katika kata moja ya mji familia za lugha moja, kwa sababu aliyefika kwanza alimwita ndugu yake. Kapela ya hapo inaanza ibada ya pili kwa lugha hiyo, na inaanza kwa nia njema kabisa, maana bibi asiyejua Kiswahili naye anahitaji kusikia Neno. Wenyeji wachache wanajiona wageni katika kapela yao, wanahamia parokia ya jirani ambako wanaelewa nyimbo. Wakiondoka hao, wengine wanabaki wachache zaidi kuliko jana, nao wanaondoka. Mashemasi wanachaguliwa kati ya waliobaki. Baada ya miaka kumi tuna parokia mbili, kila moja ya kabila moja, na kamati ya usuluhishi inauliza ni mchungaji gani aliyehubiri ukabila. Huenda hakuna aliyehubiri. Kila mmoja alifanya jambo dogo ambalo lingeeleweka, na jumla yake hakuna aliyeitaka.

Nisieleweke vibaya. Ukabila wa makusudi upo mashariki mwa Kongo, una wafadhili na una silaha, na hauwezi kufutwa kwa mchezo wa sarafu. Lakini tunapoteza nguvu nyingi kutafuta mwenye nia mbaya mahali ambapo tatizo ni utaratibu wenyewe. Kamati inayopanga saa za ibada na lugha za ibada inafanya kazi kubwa ya amani kuliko inavyojua.

Nirudi kwa wakimbizi. Sheria ile ya Flee kwamba aliyefika kambini ana nafasi 1 kwa 1,000 ya kuondoka imejengwa juu ya wazo kwamba kambi ni mahali pa usalama na mwisho wa safari. Kwa mtu aliyevuka mpaka akaandikishwa na HCR katika nchi yenye amani, wazo hilo lina msingi. Kwetu je? Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, yakaua watu waliokuwa wamekimbilia hapo, watoto wakiwemo. Miezi tisa baadaye kambi hizo na nyingine zilivunjwa zote kwa pamoja. Kanuni iliyokuwa ya kweli Mahama ikawa uongo Mugunga. Watafiti hawakukosea hesabu yao, maana modeli yao ilikuwa ya watu wanaovuka mpaka. Hatari inaanza pale mtu mwingine anapoichukua hesabu ya mahali pengine na kuileta hapa bila kuuliza kama msingi wake unasimama.

Na hapa kwetu wengi wa waliohama hawako kambini hata kabla ya kambi kuvunjwa. Sehemu kubwa ya wakimbizi wa ndani wa Kongo huishi katika familia za wenyeji. Mnajua hali hiyo bila kuambiwa: nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi na wanne, sufuria moja, na mwenye nyumba anayeanza kununua unga kwa mkopo mwezi wa tatu. Katika hesabu nyingi za kompyuta nyumba hiyo haipo. Kuna nukta ya mji, kuna nukta ya kambi, na barabara katikati. Mama wa kanisa aliyepokea familia tatu hana nukta.

Chini ya haya yote kuna shimo lingine. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika 1984. Wengi wa wanaosoma makala hii walikuwa hawajazaliwa. Kila idadi ya wakazi wa Beni, Bunia au Uvira mnayoiona kwenye ripoti ni makisio juu ya makisio, na modeli inayoanza kwa makisio haiwezi kumaliza kwa uhakika, hata ikitoa namba zenye desimali tatu. Napenda kuwaambia vijana wetu wa vyuo kwamba desimali si ushuhuda.

Je, tuseme basi kwamba kazi hizi hazifai? Sisemi hivyo. Kuna jaribio moja lililofanywa na HCR kwa ajili ya Somalia kuanzia 2017, likaitwa Jetson, ambalo kila mchungaji wa kijijini angelielewa kwa dakika moja. Waliokuwa wakitafuta dalili za watu kuhama walizungumza na wakimbizi wa Kisomali wenyewe, na hao wakawaambia habari za mbuzi. Mbuzi hawezi kuvumilia safari ndefu ya kukimbia katika nchi kavu, kwa hiyo familia iliyokata shauri la kuondoka inamwuza kwanza. Familia nyingi zikiuza kwa wakati mmoja, bei inaanguka. Bei ya mbuzi sokoni ikaingizwa katika hesabu pamoja na mvua na matukio ya vita, na ikawa mojawapo ya dalili zenye nguvu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu hayo nyinyi mnayaona kabla ya satelaiti yoyote. Mihogo ikichimbwa ikiwa bado midogo, kuna jambo. Mabenchi ya mbele ya shule ya msingi yakibaki wazi kwa wiki moja, kuna jambo. Washirika wakianza kuomba barua za utambulisho za kuhamia parokia nyingine, wengi kwa mara moja, mwandishi wa parokia anajua habari ambayo ofisi ya Kinshasa haitaipata mpaka mwezi ujao. Kilichonipendeza katika jaribio la Somalia ni kwamba wataalamu hawakuanza na mashine. Walianza kwa kumwuliza mkimbizi alifanya nini wiki ile kabla ya kuondoka.

Mradi mwingine unaotuhusu ni VIEWS, unaoendeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden na wa taasisi ya utafiti wa amani ya Oslo. Kila mwezi hutoa makisio ya vifo vya vita hadi miezi 36 mbele, si kwa nchi nzima tu bali pia kwa miraba ya karibu kilomita 55 kwa 55. Mashariki mwa Kongo huonekana humo kwa rangi nzito, jambo lisilomshangaza mtu. Nguvu kubwa ya modeli za namna hii inatoka katika ukweli rahisi: palipomwagika damu jana, kuna uwezekano mkubwa itamwagika kesho. Ni kweli, lakini kwa anayeishi Sake si habari. Linalomhusu ni kama Jumanne aende shambani au abaki, na mraba mmoja unaweza kuwameza Sake na Goma kwa pamoja. Lililo gumu kuliko yote kwa hesabu hizi ni mabadiliko ya ghafla, pale mahali palipotulia panapowaka au palipokuwa pakiwaka panapotulia. Tena vifo vinavyoingizwa ni vile vilivyoripotiwa. Kijiji kisicho na mtandao wa simu, ambacho hakuna mwandishi aliyefika, kinaweza kuonekana katika data kama kijiji chenye amani.

Kuna kosa jingine ambalo kwa kweli si kosa, na hapa Biblia inatusaidia kuliko wengi wanavyodhani. Septemba 2014, Ebola ilipokuwa ikienea Afrika Magharibi, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa makisio kwamba kama hatua hazitaongezwa na watu hawatabadili mwenendo, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 kufikia tarehe 20 Januari 2015. Hawakufika. Mlipuko ulipomalizika, nchi tatu pamoja na Guinea zilikuwa na wagonjwa wapatao 28,600 na vifo zaidi ya 11,300. Wengi walicheka, wakasema wataalamu walitisha watu ili wapate fedha. Lakini makisio yalikuwa na "kama" ndani yake. Misaada ilikuja, na kabla hata haijafika yote, vijiji vilikuwa vimeanza kubadili namna ya kuzika na ya kuwatenga wagonjwa. Yona naye alitangaza siku 40 kwa Ninawi, siku zikapita, mji ukasimama, na nabii akakaa nje akiwa na hasira kama mtu aliyeaibishwa. Ninawi ilisimama kwa sababu watu wake walisikia.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri tuliona upande mwingine wa jambo hilo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ilishika watu 3,470, ikaua 2,287. Chanjo ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, modeli zilikuwepo. Kilichokosekana hakikuwa hesabu. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961, ukachapishwa katika The Lancet Infectious Diseases, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba ugonjwa upo, na chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao. Disemba mwaka huo uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, sababu zilizotolewa zikiwa Ebola na usalama, na Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Hesabu ya ugonjwa inaweza kusema mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Kutokuaminiana kwa miaka ishirini na mitano kunaingizwa wapi katika hesabu hiyo? Baadhi ya watafiti sasa wanajaribu, na wanafanya vema, lakini namba ya kuanzia wataipata kwa watu, si kwenye mashine.

Sasa nifike kwenye jambo linalotudai uamuzi. Tangu Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, mashirika ya kiutu yana watu wachache uwanjani. Mtu aliyezoea kutuma timu Minova au Kalehe atavutiwa kukisia kwa kompyuta badala ya kutuma timu. Na ili akisie atahitaji data, na data ya waliohama, baada ya kambi kuvunjwa, iko kwa sehemu kubwa katika madaftari ya makanisa. Parokia zinaombwa orodha: majina, idadi, walikotoka, simu. Wanaoomba mara nyingi ni watu wema wenye vitambulisho. Parokia nyingi zinatoa bila kuuliza kitu, kwa sababu nyuma ya orodha kuna matumaini ya unga na maharagi.

Mimi nasema tusitoe majina. Ramani inayoonyesha wakimbizi watapita wapi kesho ni ramani hiyohiyo inayoonyesha mahali pa kuweka bariere na kutoza watu, au pa kuwasubiri vijana ili wapelekwe vitani. Daftari lenye jina, kijiji cha asili na nyumba alimolala mtu, likipita mikono miwili au mitatu, haliko tena chini ya ulinzi wa mchungaji. Modeli za aina niliyoeleza hapa hazihitaji jina la mtu hata mmoja. Flee haikulihitaji. Inachohitaji ni idadi, tarehe na njia. Kwa hiyo anayekuja kuomba majina kwa ajili ya "utafiti wa kompyuta" aulizwe kwa upole anayahitaji ya nini, na kama jibu halieleweki, arudi na mkuu wake.

Kuna mzee mmoja wa kanisa aliyeniambia kwamba basi ni heri tusitoe chochote, kwa maana Daudi aliadhibiwa kwa kuhesabu watu. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Sensa ya Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli ilihesabu wanaume wenye uwezo wa kushika upanga. Ilikuwa hesabu ya nguvu za mfalme. Katika Matendo ya Mitume sura ya 11 tunakutana na makisio ya aina nyingine: Agabo anatangaza njaa inayokuja, na kanisa la Antiokia, badala ya kubishana juu ya tarehe, linakusanya kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake na kutuma kwa ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Waliotoa walijua mkono utakaopeleka. Swali la kumwuliza mwenye kompyuta ni hilohilo: hesabu hii ni ya nani, na itaenda kwa mkono wa nani?

Nami ningeongeza sharti moja ambalo makanisa hayajazoea kulidai. Tukitoa namba, turudishiwe matokeo kabla ya kuchapishwa. Wazee wa parokia wakae mbele ya ramani hiyo na waambiwe kwa Kiswahili nukta zinakwenda wapi na kwa sheria gani. Watasema: barabara hii imekatika tangu mvua za Aprili, hapa watu hawapiti kwa sababu ya kundi fulani, hapa mmeweka kijiji ambacho kilishahama, huku watapita hata kama ni mbali, kwa maana wana wajomba. Dakika thelathini za mazungumzo hayo zitaisahihisha modeli kuliko miezi ya kazi London, na watafiti makini hawatakasirika kusahihishwa.

Parokia isiyotaka kungoja mtafiti yeyote inaweza kuanza Jumapili ijayo. Daftari moja, mtu mmoja mwaminifu wa kuliandika, safu nne: tarehe, idadi ya waliofika au walioondoka, upande walikotoka, njia waliyopita. Kando yake, ukurasa wa bei za sokoni, mbuzi mmoja na kilo ya unga wa muhogo, kila Jumamosi. Safu ya jina isiwepo.